Ubavu wa Nahodha Barafu

Ti. Ti-ti. Ti.

Sauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata panya angeona haya kuitoa. Ilikuwa ni ukucha wa kidole gumba ukigonga kioo cha simu, upande wa pili wa pazia, gizani. Mama Chiriku alifungua jicho moja. Mkono wake ukapapasa kitandani, ukakuta nafasi ya mumewe imeshapoa. Mtoto alikuwa amelala chali, mikono juu, kama mtu aliyeamriwa asijaribu kukimbia.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Siku ya tisa mfululizo.

Alijua kwamba mumewe anacheza mchezo ule wa maharamia. Hilo halikuwa siri. Fundi friji anayeshinda mchana kutwa amechutama nyuma ya majokofu ya watu, acha naye awe na bahari yake. Lakini alfajiri ile, kabla hajalifumba tena jicho lake, akasikia kicheko. Kilikuwa kicheko cha puani, cha kujibana, kile ambacho Baba Chiriku alikitoa zama zile za uchumba walipokuwa wakikaa ngazini wasitake kuagana. Kisha mnong'ono:

"Nipo nyuma yako, Malkia. Sikuachi."

Jicho la pili likafunguka lenyewe.

Alibaki amelala vilevile, macho darini, moyo ukimdunda kama cherehani iliyokosa mafuta. Malkia! Yeye aliyemzalia mtoto huitwa "Mama Chiriku, umeona bisibisi yangu?" na huko gizani kuna mtu anaitwa Malkia.

Karakana alikofanya kazi ilishona sare za shule. Ilikuwa na cherehani sita na dirisha moja. Jirani yake wa kulia aliitwa Vifungo, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa, na hakuna jambo la mtu lililopita pale bila kupitia kwake kwanza.

"Malkia?" Vifungo alisimamisha mashine. "Kasema Malkia?"

"Malkia wa Chumvi. Nimeliona jina kwenye simu yake alipokuwa anaoga."

"Shoga yangu, chumvi hiyo utakuja kuikuta kwenye kidonda."

"Ni mchezo tu."

"Wote husema mchezo tu. Mwanaume haamki alfajiri kwa ajili ya samaki wa kwenye simu."

"Hawavui samaki. Ni maharamia."

"Ndiyo mbaya zaidi! Wezi kabisa!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Mama Chiriku akacheka nao, ila chake kiliisha kabla ya cha wenzake.

"Sasa utafanyaje?" Vifungo aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini. "Utaivunja simu?"

"Sivunji kitu." Alikata uzi kwa meno. "Nitamfuata huyo Malkia hukohuko aliko."

Mchana ule, wenzake walipotoka kula, aliupakua ule mchezo kwenye simu yake yenye ufa. Ukamwuliza jina. Akatazama alichoshika mkononi, akaandika: Sindano.

Kila anayeingia katika mchezo ule huanzia chini kabisa. Unapewa kihori kinachovuja, kasia moja na kata ya kuchotea maji. Usipochota unazama, na ukichota bila kupiga kasia hufiki popote. Siku ya kwanza Sindano alizama mara saba. Mara ya nane alizama akiwa bado amefungwa gatini, jambo ambalo mchezo wenyewe ulimwandikia kwamba hutokea kwa nadra sana.

"Mama, maji!"

Kichwa kilikuwa kimechomoza chini ya meza ya kukatia nguo. Chiriku alikuwa na miaka mitano, na kila siku baada ya chekechea alikaa pale akicheza na mabaki ya vitambaa. Jina lile lilimpata kwa haki. Alianza kusema kabla hajatembea, na mambo aliyoyasema yaliwahi kumfanya jirani mmoja arudishe sufuria ya watu bila hata kuiosha.

"Maji yanaingia, Mama! Chota!"

Kidole chake kidogo kikaanza kugonga kioo. Chota, chota, chota. Mama akashika kasia. Kwa mara ya kwanza kihori kikatoka gatini, kikayumba, kikaenda.

Basi ikawa hivyo. Mama anaongoza, mtoto anachota. Lakini chiriku ni chiriku, na mama mtu aliliona tatizo hilo mapema.

"Sikiliza. Wewe ni Mchota Maji Mkuu wa meli hii. Na Mchota Maji Mkuu hatoi siri ya meli kwa mtu. Hata kwa Baba."

"Hata kwa Baba?"

"Hata kwa Baba."

Mtoto akakunja uso, akafikiri. "Mpaka lini?"

Mama Chiriku akafungua ramani ya mchezo. Mwisho kabisa kulikuwa na picha ya majabali mawili na moshi katikati yake. Akaigusa. "Mpaka tufike hapa. Huu ni Mlango wa Moshi. Tukifika, ruksa kusema."

"Haya," alisema Chiriku, na akaitazama ile picha kwa muda mrefu, kama mtu anayekariri nyumba ya kwenda kudai haki yake.

Sasa, katika mchezo ule palikuwa na kazi moja iliyochukiwa kama kusugua masizi ya sufuria. Tanga la meli likipasuka vitani, sharti ulishone mwenyewe, tundu kwa tundu, kwa kugusa kioo kwa mpangilio. Ukiruka tundu moja, yote yanafumuka, unaanza upya. Manahodha wakubwa, watu wa kuzamisha meli kumi kwa siku, walikuwa wanalia mbele ya tanga.

Sindano alipojaribu mara ya kwanza alimaliza kabla chai yake haijapoa.

Habari zikaenea bandarini. Meli zilizochanika zikaanza kupanga foleni pembeni ya kihori chake. Mmoja alimlipa mbao, mwingine kamba, mwingine mzinga mzima aliouchoka. Kihori kikawa mashua. Kutoka Mchota Maji akapanda kuwa Mvuta Kamba, kisha Mshika Usukani. Akajifunza kwamba upepo haupingwi uso kwa uso, unakatwa mshazari, kama kitambaa cha sketi ya kumwagika. Akajifunza kulenga mzinga wakati wimbi linashuka. Mwezi wa pili ulipoisha alikuwa na merikebu ya milingoti miwili, akaipa jina Pindo, na jasho la viganja lilikuwa limefuta alama za chaki ya kukatia nguo zilizokuwa nyuma ya simu yake.

Kila daraja alilopanda alilipanda kwa hasira. Wengine walicheza kwa ajili ya hazina. Yeye alikuwa anamtafuta mtu.

Hatimaye tangazo likatokea kwenye ubao wa bandari: *Kikosi cha Malkia wa Chumvi kinahitaji mshona tanga. Tunasafiri saa kumi na moja alfajiri, maji yakijaa. Wavivu wasijisumbue.*

Akaijaza fomu papo hapo.

Alfajiri iliyofuata alisubiri mumewe atoke kitandani. Akahesabu mpaka ishirini. Akavuta blanketi juu ya kichwa, akachomeka kipokea sauti sikioni, akaingia. Palikuwa na meli nne baharini, na mbele yao merikebu nyeupe yenye taji kwenye bendera. Akakaza masikio. Sasa ataisikia hiyo sauti ya asali.

"Mzee! Mzee! Umeigeuza meli au umejigeuza mwenyewe?"

"Nakusikia, mke wangu, usipige kelele. Nipo chumba cha pili tu."

"Miwani yako iko wapi?"

"Nimeivaa."

"Umevaa yangu!"

Sauti ilikuwa ya mama mtu mzima, yenye mikwaruzo ya mtu aliyeshinda maisha yake akiamrisha wodi nzima, na kweli, alikuwa muuguzi mstaafu. Huyo ndiye Malkia wa Chumvi. Mzee wake, aliyekuwa chumba cha pili, ndiye aliyekuwa ubavu wake. Ndiyo desturi ya mchezo ule: nahodha akifika daraja la juu huruhusiwa kuchagua nahodha mwingine mmoja, mmoja tu, wafunge meli zao ubavu kwa ubavu kwa kamba. Kamba hiyo ikishafungwa haifunguliwi tena. Na bila ubavu, hakuna meli inayopita Mlango wa Moshi.

"Karibu mwanangu Sindano," Malkia alisema. "Mbona husemi?"

*Simu yangu mbovu, sauti haitoki,* aliandika. *Nitakuwa naandika.*

"Sawa. Huyu mwingine ni Nahodha Barafu. Kijana mzuri, ila anapenda kunifuata nyuma kama kifaranga."

"Nakulinda, Malkia," alisema Barafu, na Mama Chiriku aliisikia sauti ile mara mbili: mara moja sikioni, na mara moja kupitia pazia.

Angecheka, kama asingekuwa amejibana chini ya blanketi. Miezi miwili! Miezi miwili amemwonea wivu bibi wa watu anayegombania miwani na mumewe. Alitakiwa kuzima simu pale pale, alale, asubuhi amsimulie mumewe wacheke mpaka wachoke.

Hakuzima. Kwa sababu katika nusu saa ile aliona jambo lililomkaba upya. Aliona Nahodha Barafu ni nani. Alikuwa mtu wa kuamua haraka, mtu wa mizaha, mtu wa kusema "umefanya vizuri sana" na "pole, ni kosa langu." Meli ya Mzee ilipokwama kwenye mwamba alikaa naye, akamwelekeza kamba kwa kamba bila kukemea. Wao wanapata asubuhi yake, alijisemea. Mimi napata jioni yake, imeshachoka, inanuka gesi ya friji, inauliza bisibisi iko wapi.

Akaionea wivu meli. Mbao za kuchora, tanga la rangi rangi, akazionea wivu kama mke mwenza.

Basi akabaki. Kila alfajiri walikuwa wakisafiri pamoja, hatua sita kati yao na pazia moja. Yeye akikohoa kitandani, yeye huyo huyo akinyamaza baharini. Kwa kuwa Sindano alikuwa mgeni wa kikosi, Malkia alimkabidhi kwa Barafu amfundishe. Barafu akamfundisha kusoma rangi ya maji, kukwepa mizinga ya ngome, kuzunguka nyuma ya adui wakati jua la mchezo linampiga machoni. Alifundisha kwa upole wa ajabu. Na kwa kuwa mwanafunzi wake hakuwa na sauti, naye alianza kumwandikia, ti, ti-ti, ti, na maandishi yana kawaida ya kwenda mbali kuliko maneno ya mdomo.

*Jana nilifungua friji la muuza nyama,* aliandika siku moja wakingoja maji yajae. *Alisema linaguna usiku. Nikakuta mjusi amejenga familia nyuma ya injini. Watoto wanne. Muuza nyama akasema basi awatoze kodi.*

Mama Chiriku aliuma blanketi asicheke. Kisha kicheko kikageuka kikawa kitu kingine. Jioni ya jana yake, wakila, alikuwa amemwuliza, "Kazi ilikuwaje?" naye akajibu, "Kawaida." Mjusi mwenye watoto wanne ni kawaida? Stori ile ilikuwa yake! Ni ya meza yake, ya sahani yake, na sasa imeenda kwa mwanamke wa kwenye simu!

Ilimchukua muda kukumbuka kwamba mwanamke wa kwenye simu ni yeye.

Na ilimchukua muda zaidi kukumbuka, shingo upande, kwamba Baba Chiriku alikuwa ameanza kusema. "Leo kwa yule muuza nyama..." alikuwa amesema, na yeye, daftari la masomo yake ya jioni likiwa limefunguliwa pembeni ya sahani, alikuwa amenyoosha kidole bila kuinua uso: "Ngoja, nina jaribio kesho." Akangoja. Akalala akingoja.

*Wewe jioni huwa huingii,* Sindano aliandika, akijifanya hamnazo. *Kwa nini?*

*Jioni ni zamu yangu na mtoto. Mama yake anasoma, siku tatu kwa wiki. Hizo nyingine anafanyia mazoezi. Ndiyo maana nacheza alfajiri, mchezo usile muda wake.* Kisha akaongeza: *Juzi kaandika barua ya maombi ya kazi kwa ajili ya zoezi. Niliisoma akiwa bafuni. Mimi ningekuwa bosi ningempa kazi na kiti changu.*

Mama Chiriku alizikodolea macho herufi zile mpaka zikacheza. Alikuwa amengoja mwaka mzima asikie maneno kama hayo. Yamekuja, mazima, matamu, na yameandikiwa mtu mwingine.

*Umemwambia hivyo?* aliandika.

*Sijui nianzie wapi. Yule kanizidi sasa.*

Kiti kikalia nyuma ya pazia. Kisha: *Ngoja kidogo.*

Pazia likasukumwa. Alikuwa na muda wa kuitupa simu chini ya mto na kukoroma tu, na alikoroma vibaya, kama chujio la chai lililoziba. Baba Chiriku aliingia akinyata. Akamvuta mtoto kutoka ukingoni, akamfunika. Kisha akasimama. Blanketi lilikuwa limepanda upande wa kichwa, kwa sababu za kiharamia, na miguu ya mkewe ilikuwa nje. Akaifunika, akaikunjia blanketi chini ya visigino kama anavyofunga bomba lisivuje. Akatoka.

*Nimerudi,* kiliandika kioo chini ya mto.

*Ulikwenda wapi?*

*Kufunika watu. Mtoto na mama yake. Yule miguu yake huwa baridi mwaka mzima.*

Alilia kidogo, kimyakimya, na hata yeye hakujua kama ni furaha au ni uchungu. Maana miguu ilikuwa yake, lakini habari ya miguu alipewa Sindano. Ungewauliza wanawake wote waliowahi kuibiwa mume, hakuna hata mmoja angeweza kumshauri la kufanya.

"Mwonekano wako leo," alisema Vifungo kazini, "ni wa mtu aliyemwona."

"Malkia ni bibi. Ana mume na miwani."

"Basi mbona umevimba macho?"

"Kuna mwingine."

"Nilisema! Nani?"

Mama Chiriku akapindisha ukosi wa sare, akaubana kwa pini tatu mahali panapotosha moja. "Anaitwa Sindano. Anamwambia kila kitu."

"Mfumue huyo!"

"Ndiyo kazi yenyewe," alisema.

Wiki zikapita, madaraja yakapita. Arobaini. Arobaini na tano. Pindo ikaongezwa mlingoti wa tatu. Waliichoma ngome, walivuka ghuba ya vimbunga, na tanga la kila meli katika kikosi lilikuwa na mshono wa Sindano, msalaba msalaba, fundo tatu mwishoni. Alfajiri moja kioo kikawaka dhahabu: daraja la hamsini. Nahodha kamili. Mbele ya meli zao ukungu ukafunguka, na majabali mawili yakasimama, moshi mweupe ukitiririka katikati.

Malkia na Mzee walipita kwanza, ubavu kwa ubavu, wakibishana mpaka wakamezwa na moshi. Barafu alibaki amesimama. Alikuwa daraja la hamsini tangu zamani, na mara ngapi amefika hapa akageuza.

*Wewe huna ubavu?* Sindano aliuliza.

*Sina. Nilipoanza tu nilimwomba mke wangu tucheze wote. Alikuwa na nguo thelathini za kukata. Nikauacha wazi.*

Hilo nalo alikuwa amelisahau. Sasa akalikumbuka lote: mumewe mlangoni, simu imeelekezwa kwake, uso umeng'aa, na yeye mwenyewe, chaki mdomoni, akisema, "Hayo mambo ya watoto niachie mimi nizeeke kwanza."

Alipaswa kuinuka pale pale, afungue pazia. Lakini wivu ukishakaa kwa mtu miezi minne huwa umeshajua kabati liko wapi na funguo ziko wapi. Ukamnong'oneza: Mjaribu. Kama atamfunga Sindano bila kusita, basi nafasi yako katika nyumba hii inajazwa na yeyote ajuaye kushona tanga. Bora ujue leo.

Akapeleka kidole kwenye ile alama ya kamba. Akaibonyeza.

*Nahodha Sindano anaomba kuwa ubavu wako,* mchezo ukamwandikia Barafu. *Kamba hii haifunguliwi. Unakubali?*

Upande wa pili wa pazia, ukucha ukanyamaza.

Alitoka kitandani. Hakuweza kulala hapo akingoja hukumu. Akachomoa kipokea sauti, akavaa aproni, akatia simu mfukoni, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma ya kabati, akawasha taa na kubandika maji. Chiriku alimfuata akijikuna, akapanda kwenye kigoda, akamiminiwa maziwa yake. Nje kulikuwa kunaanza kupambazuka. Mama Chiriku alisugua sufuria moja mara tatu.

"Tumefika?" Chiriku alinong'ona.

"Kunywa maziwa."

Pazia la chumbani likasikika likifunguka. Baba Chiriku alisimama mlangoni mwa jikoni, simu mkononi, nywele zimelala upande mmoja.

"Mama Chiriku, nina jambo la kukuuliza. Usinicheke."

"Sicheki."

"Kuna mtu huku kwenye mchezo. Anaitwa Sindano. Anataka tufunge meli zetu pamoja. Ni kitu cha kudumu, yaani ukishafunga umefunga. Sijamjibu bado, nimesema kwanza nimwulize mke wangu."

Sufuria ikamponyoka, ikalia ndani ya beseni.

"Kuniuliza mimi? Mimi nahusika vipi na mambo ya mchezo?"

"Nafasi ile nilikuwekea wewe. Siwezi kuitoa bila kukuambia." Akajikuna shingo. "Ni mtu mwema. Mimi na yeye tunaandikiana sana. Labda zaidi ya inavyofaa. Sijui ni mwanamke, sijui ni mwanaume. Ila namwambia vitu ambavyo ningetaka nikuambie wewe. Naona bora ujue."

Hapo ndipo ilipotakiwa roho yake itulie. Amemjaribu, na mumewe ameshinda. Lakini nani alisema wivu ni kitu cha akili! Alichokisikia yeye katika maneno yote yale ni kitu kimoja tu: *mtu mwema.*

"Mwema kiasi gani?" aliuliza.

"Mwema tu. Mvumilivu. Anashona tanga vizuri ajabu."

"Wewe nguo zako nani anashona?"

"Wewe."

"Basi mkatalie."

"Nimkatalie?"

"Mkatalie! Mtu humjui sura, humjui ukoo, unataka kufungwa naye maisha?"

Baba Chiriku aliitikia kwa kichwa taratibu. "Haya. Ni sawa. Namkatalia." Na akaitazama simu yake kwa huzuni, huzuni ya kweli kabisa, hata midomo ikashuka. Mama Chiriku aliiona, na damu ikampanda. Anahuzunika! Mbele yake, jikoni kwake, anamhuzunikia Sindano!

"Unamwandikia nini?" alisema.

"Namwandikia, *Samahani sana, Sindano. Ubavu huu una mwenyewe.*" Kidole gumba kikagonga kioo. Ti, ti-ti, ti. "Basi. Nimetuma."

Ndani ya mfuko wa aproni, baragumu likalia.

Lilikuwa baragumu la kiharamia, refu, la kukoroma. Jana yake karakanani Chiriku ndiye aliyeomba sauti ifunguliwe, na hakuna aliyekumbuka kuifunga. Baba Chiriku akainua uso. Akautazama mfuko. Akaitazama simu yake. Akautazama mfuko tena. Mama Chiriku alisimama na dodoki mkononi, povu likimchuruzika hadi kwenye kiwiko, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwonea wivu, wala pa kujificha.

Chiriku aliweka kikombe chini. Alikuwa na masharubu ya maziwa. Alitelemka kwenye kigoda, akaingiza mkono mfukoni mwa mama yake, akaitoa simu, akaangalia kama ile picha ni yenyewe. Majabali mawili. Moshi katikati.

"Sindano ni Mama," alisema.